Msimcheke anayesomea uzamili wa theolojia, mtaa unamhitaji

Mwambie mtu wa rika letu kwamba unasomea uzamili wa theolojia, na swali litakalofuata unalijua tayari: "Halafu utaandikwa wapi?" Ukiongeza kwamba ni theolojia tumizi, unaharibu mambo zaidi. Mmoja atauliza kama hapo ndipo watu hufunzwa kutoa mapepo kwa vitendo. Mwingine atakushauri hiyo karo ununulie nduthi, angalau jioni utashika mia tano.

Sina digrii, wacha niseme mapema. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na darasa la theolojia sijawahi kuliona kwa ndani. Lakini ukitoa blogu, riziki yangu hutoka kwenye saiba moja iliyo karibu na vyuo, ambako wanafunzi wa uzamili huniletea tasnifu zao niwapangie kurasa, majedwali na orodha ya yaliyomo. Kazi hiyo inakulazimisha kusoma hata usichotumwa kusoma. Nimepitia za biashara, za elimu, za kilimo. Zinazonifanya nisahau chai mezani ni za hawa watu wa theolojia tumizi. Moja ilifuatilia wahudumu wa bodaboda ambao huingia kanisani tu mwenzao akifariki. Nyingine iliuliza kwa nini wajane huhama kanisa muda mfupi baada ya matanga. Hayo ni maswali tunayoulizana kila siku kwenye ploti zetu.

Kwa hivyo nina neno. Kenya imebishana kwa miaka kuhusu kama pasta anafaa kuwa na cheti. Ni nadra kusikia watu wakibishana kuhusu anachofunzwa akishaenda kukitafuta hicho cheti. Kwa maoni yangu, hapo ndipo maisha ya watu huokolewa ama hupotea, na theolojia tumizi ndiyo sehemu ya masomo hayo ambayo vijana tunafaa kuidai. Tukishaidai, tuikosoe pia.

Kwanza, ni kitu gani? Wanaosomea lugha wana isimu tumizi: wanaichukua elimu ya lugha na kuipeleka mahali lugha ina shida, iwe darasani au mahakamani. Theolojia tumizi iko karibu na hapo. Theolojia tuliyozoea huanzia kwenye maandiko, ikauliza yanasema nini na kanisa limeamini nini tangu zamani. Hii nyingine huanzia kwa jambo lililotokea kwa mtu, ikayafuata maandiko kutoka hapo.

Joseph Cardijn, padri wa Ubelgiji aliyefanya kazi na vijana wa viwandani karne iliyopita, aliwafunza hatua tatu: ona, pima, tenda. Mwaka 1980 Joe Holland na Peter Henriot waliandika kitabu kilichopanua wazo hilo likawa mzunguko, yaani ukishatenda unarudi tena kuona kama ulichofanya kilisaidia. Mzunguko huo umetumiwa sana huku kwetu Afrika Mashariki.

Chukua mfano. Mweka hazina wa kwaya amepoteza pesa za sare kwenye kamari ya simu. Katika makanisa mengi kesi hiyo huisha Jumapili moja: anasimamishwa, mahubiri ya tamaa yanatolewa, watu wanaenda kula.

Mwanafunzi wa theolojia tumizi hawezi kuishia hapo, msimamizi wake hatamkubalia. Lazima akae na huyo kijana asikie alivyoanza. Lazima aangalie vitu vilivyomzunguka: hana kazi ya kudumu, simu inampa mkopo saa nane usiku, redio inamtangazia washindi kila asubuhi. Halafu lazima ajigeukie yeye na kanisa lake. Kama kila wiki madhabahuni anaambia watu kwamba ukipanda mbegu ya elfu moja, laki moja itakuja ghafla, je, mahubiri hayo yana tofauti gani na tangazo la kamari? Ni baada ya hapo ndipo anafungua Biblia, na nadhani ataisoma kwa macho mengine. Baadaye anapanga la kufanya na hao wanakwaya, na baada ya miezi kadhaa anarudi kuona kama kijana bado anacheza.

Kuna namna nyingine ya kufunza ambayo naipenda zaidi. Ilianzishwa na Anton Boisen, mchungaji Mmarekani aliyeugua akili mwaka 1920 akalazwa hospitalini. Alipopata nafuu alikuja kuwa kasisi wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, Massachusetts, na mwaka 1925 akawaleta wanafunzi wa theolojia hapo wajifunze kutoka kwa wagonjwa. Kwake mgonjwa alistahili kusomwa kwa makini kama vile kitabu husomwa. Mafunzo ya aina hiyo yameenea duniani, na hata hapa Kenya Hospitali ya Tenwek kule Bomet ina shule yake ya kufunza makasisi wa hospitali.

Utaratibu wake ni huu. Mwanafunzi anakaa na mgonjwa, wanaongea. Akitoka anaandika mazungumzo yote kadiri anavyoyakumbuka, neno kwa neno: yeye alisema hivi, mimi nikajibu hivi, kisha akanyamaza. Halafu anayasoma mbele ya wenzake na msimamizi, nao wanamhoji. Hapa mbona ulibadilisha mada? Alipomtaja mtoto wake, kwa nini ulikimbilia maombi? Ulikuwa unamsaidia yeye ama ulikuwa unatafuta mlango wa kutokea?

Hebu fikiria mazungumzo kama haya, ambayo naamini yametokea katika makanisa mengi ya mabati na hata ya vioo:

"Pasta, nimechoka. Silali."

"Umeomba?"

"Naomba. Lakini naona ni heri nisiamke tena."

"Usiseme hivyo! Hiyo ni roho chafu. Tutafunga siku tatu."

Pasta huyo si mtu mbaya. Amejibu alivyofunzwa, au alivyosikia wengine wakijibu. Lakini darasa zuri lingemsimamisha kwenye mstari wa tatu lisimwachilie. Mtu amekwambia anatamani kufa, nawe umemkemea. Hapo alihitaji aulizwe waziwazi kama anafikiria kujitoa uhai, asiachwe peke yake jioni hiyo, na asindikizwe hadi kwa mhudumu wa afya. Maombi yangefuatana naye njiani. Kumwambia asile siku tatu mtu ambaye tayari halali ni hatari, na kuijua hatari hiyo ni sehemu ya kazi ya pasta.

Uzito wa jambo hili ni mkubwa. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujitoa uhai Kenya kulikuwa kosa la jinai. Kijana aliyenusurika angeweza kutoka wodi akaingia seli. Katika hali hiyo nani angeenda kuongea na afisa yeyote? Madaktari wa akili nao ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Aliyebaki karibu ni mhubiri. Sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo, na Waislamu wanafuata kwa karibu asilimia 11. Upende usipende, wengi wetu mambo yakituzidi tutaishia kwa pasta au kwa imamu. Swali ni tutamkuta anajua nini.

Mimi nilipoacha chuo, mtumishi mmoja aliniambia nimefungwa na roho ya ukoo. Hakuuliza karo ilikuwa pesa ngapi.

Wanaosema theolojia ya vyuoni haijawahi kubadilisha kitu mtaani wakumbuke Ukimwi. Wazazi wetu wanaikumbuka miaka ya tisini. Mazishini mhubiri alisimama akasema hii ni adhabu, na familia iliyofiwa ikainamisha vichwa. Mwaka 1996 viongozi wa dini walichoma kondomu hadharani hapa Nairobi. Wagonjwa walifichwa vyumba vya nyuma.

Lugha hiyo haikuisha yenyewe. Mwaka 1992 Gideon Byamugisha, kasisi Mwanglikana wa Uganda, alitangaza wazi kwamba anaishi na virusi, jambo ambalo mtu wa kola nyeupe hakutarajiwa kulisema. Kabla ya hapo, mwaka 1989, wanawake wasomi wa theolojia waliungana Accra wakiongozwa na Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, na baadaye chama chao kikaufanya Ukimwi kuwa ajenda kuu. Mwaka 2003 Musa Dube wa Botswana alihariri kitabu cha kuonyesha vyuo jinsi ya kuliingiza somo la Ukimwi katika mitaala ya theolojia. Mkenya mwenzetu Nyambura Njoroge, mwanamke wa kwanza kutawazwa kuwa mchungaji katika kanisa la PCEA mwaka 1982, alikuja kuongoza mpango wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni kuhusu Ukimwi Afrika. Chuo Kikuu cha St Paul's, Limuru, nacho kikawa na shahada ya uzamili kuhusu huduma ya kichungaji kwa jamii na Ukimwi.

Watu hao walikaa chini wakasoma, wakaandika, wakafunza wachungaji, na wachungaji wakarudi vijijini wakiwa na maneno tofauti. Siku hizi mhubiri akisimama mazishini akisema marehemu aliadhibiwa, wenye msiba watamnyang'anya kipaza sauti. Dawa zilisaidia sana, sikatai. Lakini dawa haimtoi mtu chumba cha nyuma kama kanisa lake bado linamwita mwenye dhambi.

Chuo hicho cha Limuru kina historia ambayo watu wengi hawaijui. Kilianza mwaka 1903 Frere Town, Mombasa, mahali ambapo wamishonari waliwapa makao watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kikahamia Limuru mwaka 1930. Yaani hata theolojia rasmi ya nchi hii ilianzia katikati ya watu waliokuwa na majeraha. Hadi leo chuo hicho kina uzamili wa Uislamu na uhusiano wa Wakristo na Waislamu, na kituo cha kazi hiyo kiko Eastleigh, mahali dini hizo mbili hukutana dukani na kwenye matatu kila siku. Hivyo ndivyo somo linavyofaa kuwekwa: pale jambo lenyewe liko.

Sasa tuje kwa mjadala wa vyeti. Januari 2016 Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, alileta kanuni ambazo zingewataka wahubiri wawe na masomo ya theolojia kutoka chuo kinachotambuliwa. Makanisa yalikataa, na Rais Uhuru Kenyatta akataka mashauriano mapya. Kimya. Kisha Aprili 2023 tukaamkia habari za Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi wafe ili wamwone Yesu, na watoto wengi walikuwa miongoni mwao. Paul Mackenzie, anayeshtakiwa, amekana mashtaka. Serikali iliunda jopokazi chini ya Mutava Musyimi, likakabidhi ripoti mwaka 2024, na mjadala wa kudhibiti dini ukarudi palepale.

Majirani zetu Rwanda walienda mbele zaidi. Sheria yao ya 2018 iliwataka viongozi wa dini wawe na shahada inayohusu masomo ya dini, wakapewa miaka 5 kujipanga. Maelfu ya makanisa yamefungwa huko kwa nyakati tofauti, mengine kwa sababu ya usalama wa majengo na kukosa vibali.

Naelewa hasira iliyo nyuma ya sheria kama hizo. Ukisoma kuhusu Shakahola na usitamani kumfungia kila mhubiri wa mashakamashaka, basi una roho ngumu. Ila mimi ni mtoto wa Nairobi. Najua kinachotokea serikali ikidai karatasi: karatasi hupatikana. River Road haijawahi kushindwa na muhuri. Na hata bila River Road, tayari tumejaa watu wanaojiita Daktari Nabii Askofu fulani, waliopewa udaktari wa heshima wikendi moja kwenye ukumbi wa hoteli, wakavaa joho, wakapiga picha, Jumatatu bango likabadilishwa.

Tena hata digrii ya ukweli haitoshi. Mtu anaweza kumaliza uzamili akijua Kigiriki na Kiebrania, akapata alama nzuri, bila kuwahi kusomewa mazungumzo yake mwenyewe na kuulizwa alimsaidia nani. Ripoti za Shakahola zilionyesha kwamba hata miongoni mwa waumini walikuwemo watu wenye elimu na kazi za maana. Elimu kwa jumla haikuwakinga. Kilichokosekana ni mahali ambapo mhubiri hulazimika kujibu maswali ya watu wengine kuhusu anachowafanyia waumini, na waumini hujua wana haki ya kuuliza. Mhubiri asiye na wa kumuuliza ndiye wa kuogopwa, awe na vyeti ama asiwe navyo.

Kwa hivyo nikiulizwa, serikali na makanisa yasianze na "una shahada?" Yaanze na "nani husimamia kazi yako, na mara ya mwisho alikukosoa lini?" Madaktari hawaachiliwi kwa wagonjwa kabla ya kufanya kazi chini ya wakubwa wao. Walimu hukaguliwa wakiwa mazoezini. Mtu anayekaa na mjane usiku wa kwanza wa msiba naye anastahili kufunzwa hivyo.

Nimesema pia tuwakosoe wenye vyuo, na hapa sitawapaka mafuta.

Kwanza, wanaosoma ni akina nani? Wengi ninaowaona wakileta kazi zao ni wanaume wa makamo walio na parokia tayari, waliotumwa na dayosisi. Sina neno nao. Lakini mama anayeongoza kikundi cha maombi Mathare, ambaye amezika vijana kuliko askofu yeyote, hawezi kupita langoni. Hana digrii ya kwanza, na bila hiyo uzamili hausomwi. Kenya sasa ina sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Vyuo vya theolojia vingekuwa vya kwanza kuitumia, angalau katika ngazi za cheti na diploma, ili watu kama huyo mama wapate ngazi ya kupandia.

Pili, lugha. Mtafiti anaenda Kayole, anahoji watu kwa Kiswahili na Sheng, anatafsiri machozi yao kwa Kiingereza cha juu, anatetea tasnifu mbele ya wasomi wanne, anapata joho. Nakala moja inaingia maktaba. Watu wa Kayole hawajui hata kama ilikamilika. Nimepanga kurasa za kazi zenye mapendekezo mazuri ambayo pasta wa mtaa huohuo angeyatumia Jumapili inayofuata, lakini hatawahi kuyaona. Somo linalojiita tumizi lisilorudi kwa mwenye shida linajipinga lenyewe. Iwe sharti: kabla ya kufuzu, mwanafunzi aandike kurasa kumi za Kiswahili, arudi alikotoa habari, azisome mbele ya watu hao, na wao wamwambie alipokosea.

Tatu, mada. Ukimwi ulipata watu wake. Sasa tunahitaji wengine waketi na mambo ya kizazi hiki: mikopo ya simu, kamari, vijana wanaorudi kutoka Ghuba wakiwa wamevunjika, na makanisa yanayopokea magunia ya pesa za wanasiasa. Hilo la mwisho tulilisukuma sisi wenyewe baada ya maandamano ya 2024, na Novemba mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto. Kurudisha pesa ni hatua nzuri. Lakini parokia ndogo isiyo na paa inafaa kujengwaje bila mwanasiasa? Hiyo ni tasnifu nzima, na ningeipanga kurasa bure.

Kama wewe ni msomaji unayefikiria kujisajili, usiogope swali la "utaandikwa wapi." Hospitali, magereza, shule, kambi za wakimbizi na mashirika ya kijamii yote yana nafasi za watu wanaojua kukaa na mtu aliyeumia. Si kazi za mabilioni, lakini zipo. Ila kabla ya kulipa karo, nenda chuoni uwaulize mambo matatu. Nitafanya mazoezi wapi, na kwa saa ngapi? Nani atasoma mazungumzo yangu na kunikosoa? Nikimaliza, watu niliowahoji watapata nini?

Wakikuonyesha tu ukumbi wa kufuzu na rangi ya joho, shukuru, uage, ujaribu kwingine. Wakikujibu vizuri, soma. Ukifika kwenye tasnifu na majedwali yakukatae, unajua saiba iko wapi.